"UTI Sugu" Inataka Sahani, Haitaki Ramli

Kwenye daladala, saluni na magrupu ya WhatsApp kuna ugonjwa mmoja ambao kila mtu ana habari zake: "UTI sugu." Anayeutaja huwa na orodha ndefu ya dawa alizokwisha kumeza. Alianza na sipro ya siku tano, akahamia azithromaisini, akachomwa sindano asubuhi na jioni, na alipochoka akageukia mizizi ya kuchemsha. Ndugu yake wa karibu ni "taifodi," ambayo huja, huondoka na kurudi kama mdai. Muulize mgonjwa huyo swali dogo tu, ni kimelea gani hasa kilichokutwa kwenye mkojo au damu yake, na mara nyingi atabaki anakutazama. Cheti kina seli za usaha, kina dozi, kina tarehe ya kurudi. Jina la kimelea halimo. Ugonjwa umepewa sifa ya usugu kabla anayeusababisha hajajulikana. Usugu ni wa nani, na ni dhidi ya dawa ipi? Pasipo majibu ya maswali hayo mawili, kubadilisha dawa ni kupiga ramli kwa koti jeupe.

Ninachotetea hapa ni kazi ya maabara iliyo kongwe kuliko antibayotiki zenyewe: kuotesha sampuli ya mgonjwa na kumtenga bakteria hadi abaki wa aina moja tu kwenye sahani, bila mgeni. Wataalamu huiita kwa kifupi "kalcha," na wengi wetu tunaijua kama kile kipimo ambacho majibu yake hutoka baada ya siku mbili tatu. Naamini kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na kila hospitali ya kaunti kwa jirani zetu wa Kenya, inapaswa kuifanya kazi hiyo kila siku na kuifanya vizuri, na kwamba fedha za kuiwezesha zitangulie mashine nyingi tunazozikatia utepe. Mkazo wangu uko kwenye neno kutenga. Kuotesha bakteria si kazi. Hata mchuzi wa jana uliosahauliwa mezani huotesha. Kazi ni kumpata yule mmoja unayemtafuta, akiwa peke yake, na kuwa na hakika kwamba ndiye.

Tusogee kwenye meza ya maabara. Mtaalamu anachukua kitanzi chake, anakichovya kwenye kikopo cha mkojo na kukipitisha juu ya sahani yenye agari, rojo lililoganda kama jeli na kutiwa chakula cha bakteria. Kitanzi hicho kimepimwa: kinabeba mikrolita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Akitaka kuwatenganisha bakteria, anachora mistari ukingoni mwa sahani kwa kitanzi cha waya, anakichoma kwenye moto hadi kiwe chekundu, anakiacha kipoe, anageuza sahani, kisha anaburuta mistari mipya kutoka kwenye ile ya kwanza. Anachoma tena, anageuza tena. Kila mzunguko unabeba bakteria wachache kuliko uliotangulia, hadi kwenye mistari ya mwisho wanadondoka mmojammoja, mbalimbali. Sahani inalala kwenye inkubeta yenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Asubuhi, pale alipodondoka bakteria mmoja asiyeonekana kwa macho, panakuwa na kidoti cha mviringo, koloni, lenye mamilioni ya uzao wake. Kwenye agari ya MacConkey, E. coli, mkosaji mkuu wa UTI, kwa kawaida huota makoloni ya rangi ya waridi kwa sababu anachachusha sukari ya laktosi iliyomo humo. Na hesabu ni nyepesi: makoloni 100 kutoka kwenye kitanzi cha mikrolita 1 yana maana ya bakteria 100,000 katika kila mililita ya mkojo, kiwango kinachotumiwa sana kutofautisha maambukizi na uchafu wa njiani.

Kwa nini bakteria awe peke yake? Kwa sababu hatua inayofuata ndiyo inayoamua dawa, na hatua hiyo haina namna ya kujua kama imepewa mchanganyiko. Makoloni ya aina moja huchukuliwa, huchanganywa na maji ya chumvi, hupakwa sahani nzima, kisha hupangwa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake hupimwa kwa rula duara tupu lililozunguka kila kidonge, kwa milimita. Sasa tuseme kisababishi cha ugonjwa kinauawa na dawa fulani, lakini pamoja nacho ameingia bakteria wa ngozi asiyeijali dawa hiyo. Duara halitokei. Cheti kitasema dawa haifai, na mgonjwa atapandishiwa dawa ghali na kali zaidi bila sababu. Geuza upande wa pili: wakitawala bakteria dhaifu, sugu wachache wanaweza kupuuzwa au wasionekane kabisa, na daktari ataandika dawa isiyofanya kazi huku ameshika karatasi yenye muhuri. Ni kama kuchambua mchele. Kokoto moja iliyosahauliwa kwenye ungo hujulikana mezani, jino linapoigonga. Ndiyo maana nasema kalcha chafu ni mbaya kuliko kutopima kabisa. Anayebahatisha anajua kwamba anabahatisha. Majibu ya mchanganyiko huvaa heshima ya sayansi, na hakuna anayeyatilia shaka.

Historia ya jambo hili inatupa funzo ambalo wapangaji wa bajeti wangefaa kulikumbuka. Kabla ya miaka ya 1880, bakteria walioteshwa zaidi kwenye mchuzi, ambamo aina zote huogelea pamoja, na wanasayansi waligombana kuhusu nani ni nani. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitambua kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichokatwa vidoti huota mbalimbali, kila kimoja kikiwa cha aina yake. Akajaribu jelatini, lakini ile huyeyuka kwenye joto la mwili wa binadamu, na baadhi ya bakteria huila. Jibu likatoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake Walther Hesse, alikuwa akigandishia jeli zake kwa agari, maarifa aliyoyapata kwa majirani waliowahi kuishi Java, naye ndiye aliyependekeza itumike maabara. Agari hubaki imeganda kwenye nyuzi 37 na huyeyuka karibu na joto la maji kuchemka. Hutokana na mwani wa baharini, ingawa si wa jamii ile inayolimwa zaidi na akina mama wa Zanzibar, ambayo hutoa karajina. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba amekipata kimelea cha kifua kikuu. Mwaka 1887 Julius Richard Petri akaongeza kisahani chenye mfuniko kinachobeba jina lake mpaka leo. Kiazi, jeli na kisahani: mapinduzi makubwa ya tiba yalisimama juu ya vitu vya bei nafuu vilivyoshikwa na mikono yenye nidhamu.

Tukirudi kwetu, ushahidi wa gharama ya kutotenga vimelea umekwisha kukusanywa. Utafiti uliopewa jina la HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ulipima zaidi ya sampuli 7,500 za mkojo za watu wenye dalili za UTI. Zilipooteshwa, maambukizi yalithibitika kwa wagonjwa takriban 35 tu katika kila 100. Isidhaniwe kwamba wale wengine walikuwa wazima. Baadhi huenda walikuwa na ugonjwa mwingine wenye dalili zinazofanana, na wengine huenda walikwisha kumeza antibayotiki zilizozuia bakteria kuota. Lakini hata ukipunguza kwa sababu hizo, inabaki kwamba dalili peke yake hazitoshi kumwandikia mtu dozi baada ya dozi. Upande wa pili wa matokeo hayo unatisha zaidi: miongoni mwa bakteria waliotengwa, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Kwa hiyo tunakosea mara mbili. Wengi wanapewa dawa wasizozihitaji, na wanaozihitaji kweli wanapewa zisizofanya kazi.

Kwenye mkojo kosa hilo huleta usumbufu na hasara. Kwenye damu huleta msiba. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, watafiti waliwafuatilia watoto wa hadi umri wa miaka 7 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mwilini, jumla ya matukio 1,828 ya kulazwa, mwaka 2001 na 2002. Miongoni mwa waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram hasi kwenye damu, zaidi ya 43 katika kila 100 walifariki, kiwango kilichozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Watoto waliopewa dawa ambayo kimelea chao kilikuwa sugu kwayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hayo yote yalijulikana kwa sababu damu ilioteshwa na vimelea vikatengwa. Kwenye hospitali isiyoweza kufanya hivyo, watoto wa namna hiyo wangeandikwa "malaria kali" au "homa," na kaburi lingefunika takwimu pamoja na mwili. Na hospitali zisizoweza ndizo nyingi. Ripoti ya mwaka 2022 iliyohusu nchi 14 za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ilionyesha kwamba kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosikika zaidi wodini, ni la muda. Mgonjwa anaungua homa leo, majibu yatatoka keshokutwa, nani atamsubirisha? Hakuna. Mwenye maambukizi ya damu aanzishiwe dawa saa hiyohiyo, ila damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, na dawa irekebishwe majibu yakitoka. Vilevile si kila binti mwenye maumivu ya mkojo kwa mara ya kwanza anahitaji kalcha. Lakini jiulize: mganga wa zahanati asiye na maabara, anayelazimika kukisia, akisie kwa kufuata nini? Akifuata mwongozo, huo mwongozo unatakiwa kutokana na bakteria waliotengwa katika mkoa wake, unaomwambia kwamba hapa kwetu dawa hii bado inaua E. coli na ile imekwisha nguvu. Sahani chache zilizofanywa vizuri hospitali ya mkoa huongoza maelfu ya makisio kwenye zahanati. Anayesema kalcha inachelewa anamfikiria mgonjwa mmoja wa leo. Thamani yake nyingine ni kwa wagonjwa wote wa mwezi ujao.

Pingamizi la pili ni gharama. Unga wa agari na vidonge vya karatasi vyenye dawa huagizwa nje, na umeme ukikatika inkubeta hupoa. Ni kweli. Ila tuhesabu pande zote mbili za daftari. Mgonjwa aliyenunua dozi nne zisizomtibu amekwisha kulipa, na amelipa kutoka mfukoni, dukani, ambako hakuna anayeingiza matumizi hayo kwenye ripoti yoyote. Siku za kazi alizozikosa hazimo pia. Maabara inaweza kupika agari yake yenyewe, ikaitakasa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, ikaimimina kwenye sahani na kuihifadhi kwenye jokofu. Kinachokwamisha mara nyingi ni namna tunavyopanga fedha. Jengo na mashine vina fungu la maendeleo na sherehe ya uzinduzi; unga wa agari ni matumizi ya kawaida, nayo ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Maabara yenye inkubeta mpya na kabati tupu la agari haina tofauti na jiko la gesi lisilo na unga wala mchele.

Wapo watakaosema kwamba enzi ya sahani imepita, kwa kuwa sasa kuna mashine zinazosoma vinasaba moja kwa moja. Kifua kikuu ni mfano wao mzuri: kimelea chake huchukua wiki kadhaa kuota, ilhali GeneXpert hutoa majibu kwa muda usiozidi saa mbili na huonyesha pia usugu kwa rifampisini. Nakubali bila kusita. Pale sahani inapochelewa mno, mashine ichukue nafasi. Lakini mashine ya vinasaba hujibu swali iliyofundishwa kuuliza. Usugu unaotokana na badiliko lisilo kwenye orodha yake utapita bila kushikwa, na badiliko hilo hugunduliwa kwa kumweka bakteria hai mbele ya dawa na kuona kwamba hafi. Na hata orodha hiyo ilitungwa kwa kuwachunguza bakteria waliokwisha kutengwa. Mashine na sahani zinategemeana, na nchi itakayoitupa ya pili itabaki kununua majibu yaliyotungwa kwa bakteria wa kwingine.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Bakteria wa ukoma hawajawahi kuota kwenye agari. Damu ya mgonjwa wa kweli wa taifodi ikioteshwa, kimelea hukosekana kwa karibu nusu ya wagonjwa. Isitoshe, bakteria huishi kwa makundi. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kina jamii nzima, na kumtenga mmoja ni kumwondoa kwenye mazingira yanayomfanya awe hatari. Yote haya ni sahihi, nayo yanatufundisha kwamba sahani tupu haimwondolei mgonjwa ugonjwa, na kwamba koloni lililoota halina budi kusomwa pamoja na hali ya mgonjwa mwenyewe. Lakini linganisha na mbadala tunaoutumia. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hakimtafuti kimelea. Hutafuta kingamwili, ambazo huweza kubaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani au kuchochewa na jamaa wa kimelea hicho. Kwa karatasi ya Widal moja, tumewatibu watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo. Kalcha hukosa wengine, ila inapomkamata mkosaji inamkamata kwa jina, na unaweza kumuuliza anauawa na nini. Kwa kidonda chenye mchanganyiko ndiyo kabisa: huwezi kuijua jamii kama huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake.

Tanzania ilizindua mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, mwaka 2017, na Kenya ikafanya hivyo mwaka huohuo. Mipango ipo, ninachoomba ni vitu vinne vya kawaida. Unga wa agari na vidonge vya karatasi vyenye dawa viwekwe kwenye orodha ya mahitaji yasiyokatika, kama glavu. Maabara ifanye kazi Jumamosi na Jumapili, kwa sababu bakteria aliyepandwa Ijumaa hangoji Jumatatu. Kila maabara ijipime kwa bakteria wa kielelezo wanaojulikana tabia zao, na kila kipimo cha dawa kiambatane na sahani ya kuhakiki kwamba aliyepimwa alikuwa peke yake. Na manesi wapewe muda wa kumweleza mgonjwa namna ya kutoa mkojo, maana kazi ya kutenga huanzia chooni. Mkojo wa katikati ndani ya kikopo safi, ukifika maabara ndani ya saa mbili au ukawekwa kwenye jokofu, unasema kweli. Uliokaa dirishani tangu asubuhi ni shahidi wa uongo: E. coli akipata mazingira yanayomfaa hugawanyika kila dakika 20, na kwa kasi hiyo mmoja huwa 512 kwa saa tatu.

Mambo haya yanawezekana, na tumewahi kuyaona yakiwezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba chini ya nusu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali ndio waliokutwa na vimelea kwenye damu. Wakati ule homa ilikuwa malaria, na kubisha kulionekana ujuaji. Leo mama wa kijijini mwenyewe anauliza kama mtoto amepimwa kabla hajameza dawa mseto. Swali hilo lilihama kutoka kwenye majarida ya kitabibu hadi mdomoni mwa wananchi. Lihame tena, safari hii kwenye dirisha la maabara: ni kimelea gani, na je, kimeota peke yake? Siku cheti kitakapojibu kwamba ni E. coli, ameota peke yake, hafi kwa sipro lakini anakufa kwa nitrofurantoini, neno "sugu" litakuwa limempata mwenyewe, na mgonjwa ataondoka na dawa moja mkononi.